Babu aligonga ubavu wa jahazi kwanza, ndipo wajukuu wakapanda

Chombo cha kwanza Baba alikikataa bila hata kukipanda.

Kilikuwa kizuri kwa macho. Kimepakwa rangi ya buluu, mito ya kukalia imevishwa khanga, na tanga jeupe limefungwa juu ya foromali kama shuka mpya. Binti yangu alikuwa ameshaanza kupiga picha. Kijana aliyekuwa akitafuta abiria alituambia tufanye haraka, zimebaki nafasi sita tu.

“Majaketi ya watoto yako wapi?” Baba aliuliza. Alikuwa amesimama mchangani, kikoi amekikunja hadi magotini.

Kijana alionesha fungu la majaketi okozi lililofungwa kwa kamba huko nyuma. Niliyahesabu: manane, yote ya watu wazima. Abiria waliokwisha kukaa walikuwa zaidi ya kumi.

“Watoto mtawashika, mzee. Bahari leo shwari.”

Baba alimshukuru kwa adabu, akatugeuza. “Twendeni tukanywe chai,” alisema.

Hii ilikuwa likizo ya Juni mwaka jana, ufukweni Mji Mkongwe, Unguja. Tangu nilipowasimulia wazazi wenzangu shuleni, wengi wameniuliza nilipata wapi ujasiri wa kuwapandisha watoto kwenye chombo cha tanga. Jibu la kweli ni kwamba sikuwa nao. Ujasiri wote, na woga wote, ulikuwa wa Baba.

Watoto wangu wawili, wa miaka 11 na 7, wamezaliwa Dar es Salaam. Bahari wanaijua kupitia dirisha la boti ya kasi: karibu saa mbili kati ya Dar na Unguja, kiyoyozi, televisheni, na mifuko ya kutapikia. Babu yao ana miaka 78. Alianza ubaharia akiwa na miaka 17 kwenye majahazi ya boriti, kutoka Rufiji kuja Unguja, mara nyingine hadi Mombasa. Baadaye alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Kuna kovu kwenye kiganja chake cha kulia ambalo nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba analo. Ni la kamba.

Lakini nyumbani bahari haizungumzwi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyojazwa watu kupita kiasi ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Shangazi yangu, mdogo wake Baba, alikuwa ndani. Hatukumpata. Tangu siku ile Baba hajapanda chombo chochote. Alipotakiwa kuja Dar kutibiwa mtoto wa jicho alikuja kwa ndege, na jicho la kushoto halikurudi sawasawa.

Kwa hiyo binti yangu aliporudi na kazi ya likizo kutoka shuleni, aandike kuhusu kazi aliyofanya mmoja wa wazee wa familia, niliona nimepewa mtihani mimi. Alimuuliza babu yake maswali kwa simu, akajibiwa kwa mkato. Siku ya pili babu alipiga simu mwenyewe. Alisema jahazi halisimuliwi, hupandwa. Waje.

Nikamuuliza kama na yeye atapanda. Akasema atakuwa ufukweni.

Chombo cha kazi

Wakati wa chai ile, vijiko vitatu vya sukari, alianza kuwasimulia watoto mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia.

Jahazi halikuundwa kwa ajili ya kutazama jua likizama. Lilikuwa lori la pwani. Na ratiba yake haikupangwa na mtu. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, uliwaleta mabaharia wa Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi wakiwa na tende, mazulia, chumvi na samaki wakavu. Kusi, unaoanza Aprili na kushika kasi Juni na Julai, uliwarudisha makwao na boriti, karafuu na pembe za ndovu. Binti yangu akauliza kama na watumwa walibebwa humo. Babu alinyamaza kidogo, akasema ndiyo, na watumwa, na kwamba soko lao hapa mjini lilifungwa mwaka 1873, si mbali na tulipokuwa tumekaa. Nilifurahi kwamba hakuliruka swali lile. Wazee wengi hulipitia pembeni.

Mabaharia wa huku walikwenda mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1840 meli ya matanga ya Seyyid Said, iliyoitwa Sultana, ilitoka Unguja ikafika New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Na hata kusafiri kwa jahazi kama abiria, kwa kutaka tu kuona, si jambo lililoletwa na watalii wa siku hizi. Mwishoni mwa 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda bumu la Kuwait huko Aden. Bumu ni aina ya jahazi lenye ncha mbele na nyuma. Alikuja nalo hadi Unguja na kwenye delta ya Rufiji, lilikokwenda kupakia boriti za mikoko, kisha akarudi nalo Ghuba kwa upepo wa kusi mwaka 1939. Maisha ya mabaharia wale aliyaandikia kitabu. Safari yake ilikula miezi. Yetu ingekula siku moja, na niliona inatosha.

Injini, lori na kontena viliimaliza biashara ile taratibu. Yapo majahazi yanayobeba mizigo hadi leo, ukienda bandari ya Malindi utayaona yamelala ubavu kwa ubavu. Mengine yamebadilishwa: pale palipojazwa boriti pamewekwa sakafu na viti, na abiria analipia safari ya nusu siku. Hapa naomba mzazi mwenzangu unisikilize. Jahazi la mizigo ni la mizigo, hata kama nahodha wake ni jirani yako na anakupa nafasi bure. Chombo cha abiria kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa, kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini, na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba iwe imeandikwa. Uliza uioneshwe. Mwenye chombo safi hakasiriki.

Ngama inayonuka

Cha pili tulikipata hatua mia mbili hivi kutoka cha kwanza. Hakikuwa na khanga wala mito. Mbao zake zilikuwa zimekolea weusi, na tanga lilikuwa na viraka vitatu. Nahodha, mtu wa makamo, alikuwa anakula muhogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Chombo cha wapi hiki?”

Walizungumza kwanza habari za fundi aliyekiunda, ambaye alikuwa marehemu, na nani alikuwa mtoto wa nani. Ikachukua muda. Mdogo wangu wa miaka saba alianza kuvuta mkono wangu. Kisha Baba akaingia majini hadi kwenye mapaja, akaanza kugonga ubavu wa jahazi kwa vifundo vya vidole, ubao mmoja baada ya mwingine, kichwa amekiinamisha kama daktari. Alipitisha kucha kwenye maungio kuangalia kalafati, ile pamba iliyopakwa mafuta ambayo hushindiliwa katikati ya mbao ili maji yasipite. Akauliza mara ya mwisho lilikalafatiwa lini. Nahodha akajibu: kabla ya Ramadhani.

Halafu aliomba kuona ngama.

Hapa binti yangu aliruka. Shuleni amekaririshwa methali ya mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ameiandika kwenye mitihani isiyopungua minne. Lakini hakuna aliyewahi kumwonesha. Nahodha alimpandisha, akamwonesha: omo ndiyo mbele, tezi ndiyo nyuma, na akainua ubao wa sakafuni akamwonesha ngama, tumbo la chini kabisa la chombo ambako maji yanayopenya hujikusanya.

“Inanuka!” mwanangu alisema.

“Vizuri,” babu yake akajibu kutoka majini. Kisha akaeleza kitu ambacho nimekihifadhi. Kila chombo cha mbao hupenya maji kidogo. Ngama ikinuka ujue maji yale ni ya siku nyingi, hayaongezeki. Ukikuta maji masafi, yanang'aa kama ya bahari yenyewe, ujue yameingia sasa hivi, na yataendelea kuingia.

Mimi nilikagua vya kwangu, ambavyo mama yeyote anaweza kukagua bila kuwa baharia. Majaketi okozi yalikuwa zaidi ya idadi ya abiria, na manne yalikuwa madogo, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvalishe mtoto, funga kila kitu, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda likamfikia masikioni, ni kubwa, atateleza ndani yake akiingia majini. Mwanangu alilalamika kwamba linambana. Nahodha akamwambia na yeye analivaa, na kweli akalivaa, hapo hapo tukiwa bado ufukweni. Kwa mtoto wa miaka saba hilo lilimaliza mjadala.

Kulikuwa na mashine ya akiba nyuma, imefunikwa turubai. Choo hakikuwapo. Hili watu hawalisemi, nalisema mimi: wapeleke watoto chooni kabla ya kupanda, na beba kopo lenye mfuniko. Usione haya, utanishukuru.

Baba alipotoka majini alimuuliza nahodha swali moja tu la mwisho. “Kusi ikikaza mchana, utafanyaje?”

“Nitatua tanga, mzee.”

“Wageni wakikataa?”

“Wageni hawashiki usukani.”

Baba akanigeukia. “Wapande,” alisema. Na alipokuwa anambeba mjukuu wake mdogo kumpitisha mkononi kwa baharia, aliongeza kwa sauti ya chini: “Kwenda mtacheka. Kurudi mtajua.”

Mashine iko wapi?

Tuling'oa nanga saa tatu asubuhi tukiwa abiria 11, wakiwamo wageni wanne wa Ulaya, na mabaharia watatu pamoja na nahodha. Foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, ni mzito kuliko unavyoonekana. Wanaume wawili waliivuta henza kwa mpigo, wakiitikiana, na tanga likapanda likiwa bado limefungwa. Kisha kamba ikavutwa na tanga lote likafunguka kwa kishindo. Jahazi likainama kidogo, likaanza kwenda.

Mwanangu alisubiri. Akatazama nyuma. “Mama, mashine iko wapi?”

“Imezimwa.”

“Sasa tunakwendaje?”

Hilo ndilo swali ambalo nisingelipata kwenye boti yenye televisheni. Baharia mmoja alimwita, akamshikisha demani, kamba ya kuongozea tanga, huku yeye akiwa ameishika kwa nyuma. Mtoto aliuhisi upepo ukimvuta mikono. Akanyamaza. Nimemzaa mwenyewe na sijawahi kumwona kanyamaza hivyo.

Tulikuwa tunaelekea Changuu, kisiwa ambacho wengi wanakiita Prison Island, kaskazini kidogo magharibi ya mji. Kusi ilikuwa mgongoni mwetu. Ukiwa mbele ya upepo husikii upepo. Unasikia maji yakipasuliwa na omo, mbao zikilia, na watu wakizungumza kwa sauti za kawaida. Nyuma yetu mji wote ulionekana kwa mpigo mmoja, Ngome Kongwe, na kando yake Beit el-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Humo ndani kulikuwa na mfano wa mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Nilikuwa nimewaahidi watoto kuuona tangu wakiwa wadogo, nikiahirisha kila mwaka.

Nisiwadanganye. Baada ya dakika ishirini binti yangu aliuliza kama kuna mtandao. Baada ya nusu saa mdogo wake alitaka biskuti, akapewa, akataka nyingine. Jahazi ni polepole. Mtoto aliyezoea simu atachoka kabla ya kuanza kuona, na mzazi usikimbilie kumpa simu. Binti yangu alichoka mpaka akaanza kuhesabu kamba. Akauliza kila moja inaitwaje. Aliandika majina kumi na moja nyuma ya daftari lake.

Kwa muda usiofika saa moja tulikuwa tumefika.

Changuu sitaieleza sana, kila mtu ameiona kwenye picha. Gereza lilijengwa huko miaka ya 1890, lakini likaishia kutumika kama karantini ya abiria waliotoka kwenye meli zenye hofu ya magonjwa. Kobe wakubwa ni uzao wa wale wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watoto waliwalisha majani, tukala chapati na samaki tuliofunga, tukaogelea pale pasipo na kina. Saa saba mchana nahodha alikuja mwenyewe kutuita. Wageni walitaka nusu saa nyingine. Aliwaonesha upande wa kusini, ambako maji yalikuwa yamebadilika rangi, akasema hapana.

Kurudi

Jahazi haliwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Kama unakokwenda ndiko upepo unakotoka, inabidi uende bisho: unakata upande mmoja kwa mshazari, unageuza, unakata upande wa pili, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kuzungukazunguka. Upande mmoja tulikuwa na Chapwani, kisiwa chenye makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwamo waliouawa kwenye manowari Pegasus ilipopigwa bandarini hapa mwaka 1914. Upande wa pili, mbali, ni Bawe. Katikati ya visiwa hivyo ndipo tulipokuwa tukienda na kurudi, na mji ulikuwa hausogei.

Kugeuza kwenyewe ni kazi. Foromali iko upande mmoja wa mlingoti, na lazima ivushwe upande wa pili. Nahodha anaupa upepo tezi, tanga linaachiwa lipepee mbele ya omo, na mabaharia wanakimbia na ncha ya chini ya foromali kuivusha, kisha wanalivuta tanga upande mpya. Kwa sekunde kadhaa hakuna anayelimiliki. Kila mgeuko unakula sehemu ya njia uliyokwisha kuipata. Tuliambiwa tukae sakafuni, mikono ndani, na watoto wakae katikati karibu na mlingoti, mahali ambapo chombo hakirukiruki sana. Hapo pia ndipo penye nafuu kwa mtu anayechafukwa na bahari, akitazama nchi kavu ya mbali na si miguu yake. Tangawizi nilikuwa nayo. Haikusaidia.

Mgeuko wa kwanza watoto walishangilia. Wa pili mawimbi yaliingia, tukalowa wote, na mwanangu akatapika biskuti zote. Kabla ya wa tatu nahodha alisimama juu ya tezi, akatazama kusini kwa muda. Maji yalikuwa meusi, yamejaa povu jeupe. Sikusikia alichosema. Niliona tu mabaharia wote watatu wakiacha walichokuwa wakifanya, na foromali ikashuka, na tanga lote likaanguka ndani kwa mafungu, likatufunika miguu.

Ilikuwa kimya cha aina nyingine. Tanga, nilikuja kuelewa, ndilo lililokuwa limelishika jahazi lisiyumbe. Bila hilo tuliyumba vibaya sana, ubavu kwa ubavu. Mashine ilivutwa mara ya kwanza, haikuwaka. Mara ya pili, haikuwaka. Nilimshika mwanangu kwa mkanda wa jaketi na nikamwona shangazi yangu. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Mara ya tatu ikawaka.

Mmoja wa wale wageni, akiwa amelowa chapa, alianza kulalamika kwamba amelipia safari ya tanga, na ya tanga ndiyo anayoitaka. Nahodha hakumjibu. Alikuwa ananyoosha kidole kwa kila kichwa, anahesabu. Kumi na moja. Akahesabu tena.

Kwa nusu saa tulikwenda kwa mashine, polepole, pua kwenye mawimbi. Binti yangu aliniambia kitu sikioni, nikadhani anaogopa. Alikuwa anasema, “Babu alimuuliza hili hili, na alilijibu.”

Tuliloliona ufukweni

Baba hakuwa amekaa chini ya mti tulipomwacha. Alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, kikoi kinaelea, kofia yake sikuiona. Vijana wawili wa pale walikuwa wamemshika mikono, mmoja huku mmoja huku.

Walituambia baadaye. Tangu tulipoondoka Changuu alikuwa ameliona tanga letu kwa jicho lake moja zuri, na alikuwa akiwahesabia watu migeuko: wa kwanza, wa pili. Kisha tanga likapotea. Jahazi lisilo na tanga, kwa umbali ule, ni mstari tu juu ya maji, na jicho lile halioni mistari. Alisimama. Akaingia majini. Watu walimwambia, mzee, wametua tanga tu, tunawaona wanakuja kwa mashine. Hakuwasikia.

Simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko usioingia maji, na mtandao ulikuwapo. Ningeweza kumpigia. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu ufukweni ambaye safari yake ilikuwa ngumu kuliko yetu. Hilo ndilo kosa langu la siku ile. Mkimwacha mtu nchi kavu, mpigieni. Na kabla ya kutoka, tazama utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaeleza kasi ya upepo na kimo cha mawimbi; mimi niliutazama baada ya kurudi.

Alimpokea mjukuu mdogo kwanza, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Mtoto alinuka matapishi. Halafu akamgojea nahodha ashuke.

“Ulitua wapi?”

“Mbele ya Chapwani, mzee. Kabla ya mgeuko wa tatu.”

“Kabla,” Baba alirudia.

“Kabla.”

Wakashikana mikono, na hawakuachana kwa muda mrefu kuliko desturi.

Jioni ile hakula. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri nilimkuta uani na binti yangu, daftari limefunguliwa nyuma, kwenye yale majina kumi na moja. Alikuwa anamsahihisha. Mawili baharia alimpa kwa matamshi ya Pemba. Moja, alisema, si kamba, ni fundo. Kisha akachukua kamba ya kuanikia nguo, akamfungia mjukuu mdogo fundo kwenye mguu wa kiti na kumwambia alifungue. Hakuweza. Akalifungua kwa kidole kimoja.

Binti yangu akamuuliza kwa nini hawakuweza kurudi bila mashine, wakati zamani hapakuwa na mashine.

“Zamani nisingewachukua Juni,” alisema. “Kusi unakwenda nayo Changuu, kurudi inakupiga usoni. Kaskazi inakuja ubavuni, kwenda na kurudi. Desemba mtafunga shule lini?”

Binti akamwambia.

Babu akahesabu kwa vidole, akitafuta siku za maji mafu, bamvua likishapita. Alitaja tarehe mbili. Hakusema kama atapanda. Lakini aliuliza kama yale majaketi ya watu wazima yana ya saizi yake.